Dalili ya Theluji ni Nini?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na hapo walimaliza kazi. Ukiona wingu zito limejikunja upande wa bahari, unaanua nguo kwenye kamba, unasogeza ndoo chini ya paa, na kama uko ndani ya daladala unafunga dirisha. Lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mvua ya miezi mitatu ijayo. Wingu la Desemba halionekani mwezi wa Septemba. Hapo ndipo binadamu alipoanza kuhangaika, na mahangaiko hayo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Nitaisimulia kwa njia ya theluji. Najua utauliza: kijana wa Dar es Salaam na theluji, wapi na wapi? Theluji yetu sisi iko kileleni Kilimanjaro, basi. Tena mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona kwa macho yake mwaka 1848, alibezwa huko London na William Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Sasa kama wao waliweza kubishana juu ya theluji yetu bila kuiona, na mimi niruhusuni nizungumze juu ya theluji yao. Mwisho wa safari utaona kwamba theluji yao na mvua yetu ni watoto wa mama mmoja.

WANAOIOMBEA

Sisi tukisikia theluji tunafikiria mateso: vidole kufa ganzi, makoti mazito, pua kutiririka. Kumbe kuna watu wanaiombea. Uingereza na Marekani ya kaskazini, ikifika Septemba au Oktoba tu, maswali yanaanza: mwaka huu itaanguka? Itakuwa nyingi? Watoto ndio wa kwanza, maana theluji ikizidi shule zinafungwa. Watoto wa Marekani wana uganga wao kabisa: usiku wa kuamkia siku wanayoitamani wanavaa nguo za kulalia nje ndani, na kuweka kijiko chini ya mto. Eti theluji itakuja.

Wakubwa nao hawako nyuma. Wenye hoteli za milimani wanaingoja kwa sababu watalii wa kuteleza ndio mkate wao. Waingereza wanaiwekea hata kamari. Kila mwaka watu huweka fedha wakibahatisha kama Krismasi itakuwa nyeupe, na kanuni ya idara yao ya hali ya hewa, yaani Met Office, ni kwamba chembe moja tu ya theluji ikionekana inaanguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, inatosha. Chembe moja!

Tamaa hii ya Krismasi nyeupe inatuhusu sisi tunaojifunza kuandika, kwa sababu mmoja wa walioichochea ni mwandishi wa riwaya. Charles Dickens alizaliwa mwaka 1812, na utoto wake ulipita katika muongo wa baridi kali kuliko kawaida ya Uingereza. Alipokuja kuandika kitabu chake cha Krismasi mwaka 1843, alikijaza baridi na theluji. Watu wakakisoma, watoto wao wakakisoma, na mpaka leo wanadhani Krismasi isiyo na theluji ina kasoro, ingawa kwa sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza Krismasi nyingi ni tope na manyunyu tu. Mtu mmoja aliandika utoto wake, na taifa zima likakaa dirishani kuungoja.

VIWAVI, PIMBI NA SANDUKU JEUSI

Anayengoja hutafuta dalili. Waingereza wa zamani walitazama matunda mekundu ya miti ya vichakani: yakiwa mengi, walisema Mungu anawawekea ndege akiba, kwa hiyo baridi itakuwa kali. Wamarekani walitazama kiwavi mwenye manyoya, mweusi ncha zote mbili na wa rangi ya kahawia katikati. Sehemu ya kahawia ikiwa fupi, baridi kali inakuja. Mwaka 1948 mtaalamu wa wadudu wa jumba la makumbusho la New York, Charles Curran, alikwenda msituni na marafiki zake kuwahesabu viwavi hao. Magazeti yakaichukua habari, na kiwavi akapata umaarufu ambao wataalamu wengi wa hali ya hewa hawajaupata.

Halafu yuko mnyama wa shimoni anayefanana na pimbi wetu. Katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 1887 watu hukusanyika tarehe 2 Februari kumtazama akitoka. Akiona kivuli chake, basi baridi ina wiki sita zaidi. Wanajua ni mchezo, lakini wanakwenda kwa maelfu.

Aliyeifanya biashara hasa ni Robert B. Thomas. Mwaka 1792 alianza kuchapisha almanaka ya wakulima, kijitabu chenye saa za jua kuchomoza, mapishi, utani, na hali ya hewa ya mwaka mzima unaokuja. Kijitabu hicho bado kinachapishwa. Wenyewe wanasema kanuni yake ya siri imefungiwa ndani ya sanduku jeusi la bati. Wanasayansi hawaamini kanuni hiyo, lakini wanunuzi hawana habari na wanasayansi. Kuna hadithi kwamba toleo la mwaka 1816 liliweka theluji mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, kwa mzaha wa mpiga chapa. Sasa mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka na kujaza vumbi angani, na mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi wa Juni kaskazini mashariki ya Marekani. Eti Thomas akasifiwa kama nabii! Sithubutu kuapa kwamba hadithi hiyo ni ya kweli. Ila inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuwa mtabiri kwa bahati ya mlima uliopasuka upande wa pili wa dunia.

MTU ALIYEKATAA KUITWA NABII

Sayansi iliingia kwa msiba. Mwezi wa Oktoba 1859, dhoruba iliipasua meli iliyoitwa Royal Charter kwenye pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa wakiwa karibu kabisa na nchi kavu. Mkuu wa idara changa ya hali ya hewa ya Uingereza wakati huo alikuwa Robert FitzRoy, nahodha yule yule aliyewahi kumchukua Charles Darwin katika meli ya Beagle. FitzRoy aliamini kwamba kwa njia ya telegrafu, habari za dhoruba zinaweza kukimbia kuliko dhoruba yenyewe. Mwaka 1861 akaanza kutoa maonyo bandarini, na mwezi wa Agosti mwaka huo gazeti la The Times likachapisha utabiri wake wa kwanza kwa wananchi wote.

Hapa naomba tusimame kidogo juu ya neno. FitzRoy alitafuta neno jipya la Kiingereza kwa kazi yake, kwa sababu hakutaka ionekane ni unabii. Kwake ilikuwa ni maoni yanayotokana na vipimo na hesabu. Sisi katika Kiswahili tumeiita kazi hiyo utabiri. Na nani mwingine anatabiri? Mpiga ramli anatabiri, mnajimu anatabiri. Kwa hiyo mtu wa hali ya hewa akifungua mdomo redioni, masikio yetu tayari yanangoja neno la nabii, na likienda upande tunasema ametudanganya.

Waingereza hawakuwa tofauti, ingawa walipewa neno jingine. FitzRoy hakuvuka siku mbili mbele, lakini alipokosea alichekwa magazetini, na wanasayansi wenzake wakamshutumu kwamba anakimbilia kusema kabla ya kujua. Alikuwa na madeni, afya mbovu na huzuni ya muda mrefu. Tarehe 30 Aprili 1865 alijiua. Mwaka uliofuata utabiri wa magazetini ukasimamishwa, na Waingereza wakakaa bila huo mpaka mwaka 1879. Nikisoma habari zake huwa najiuliza: kama siku mbili tu zilimlemea hivyo mtu yule, ni nani angethubutu kusema juu ya miezi mitatu?

NJAA YA INDIA

Waliothubutu hawakuwa wakingoja kuteleza juu ya theluji. Walikuwa wanakimbizana na njaa. Kati ya mwaka 1876 na 1878 mvua za India zilishindwa, na mamilioni ya watu wakafa chini ya utawala wa Mwingereza. Henry Blanford, mkuu wa kwanza wa idara ya hali ya hewa ya India, akatakiwa atafute njia ya kujua mapema. Akainua macho kutazama milima ya Himalaya. Aliona kwamba miaka ambayo theluji inakuwa nyingi milimani na kuchelewa kuyeyuka, mvua za tambarare huwa dhaifu. Kuanzia mwaka 1886 taarifa ya msimu ikawa inatolewa rasmi. Theluji hapo haikuwa kitu cha kufurahiwa na watoto. Ilikuwa kipimo cha njaa.

Mwaka 1899 mrithi wake, John Eliot, alitabiri mvua nzuri. Ukaja ukame mkubwa, na njaa nyingine ya kutisha. Miaka hiyo hiyo, 1898 hadi 1900, huku Afrika Mashariki nako njaa kuu ilikuwa inafagia vijiji. Wakati ule hakuna aliyejua kama misiba ya pande mbili za bahari inaweza kuwa na mzizi mmoja.

Mwaka 1904 kiti kikachukuliwa na Gilbert Walker, mwanahesabu wa Cambridge ambaye hakusomea hali ya hewa. Mapenzi yake yalikuwa hesabu, filimbi, na lile gongo la Australia linalorushwa likarudi. Walker alisema: kama hatujui sababu, basi tuhesabu. Akakusanya vipimo vya joto, mvua na mgandamizo wa hewa kutoka kila pembe ya dunia, na makarani wa Kihindi wakakaa miaka na miaka wakilinganisha safu moja ya tarakimu na nyingine kwa mkono. Hakuna kompyuta. Ni kalamu, karatasi na jasho la watu ambao majina yao hayamo vitabuni.

Katika bahari ile ya tarakimu Walker aliona vitu vinavyobembea. Umewahi kuwaona watoto wawili wamekaa kwenye ncha za ubao, mmoja akipanda mwenzie anashuka? Mgandamizo wa hewa ulikuwa unafanya vivyo hivyo. Bembea moja ilikuwa kati ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. Nyingine ilikuwa Atlantiki ya kaskazini, kati ya kisiwa cha Iceland na visiwa vya Azores. Hii ya pili ndiyo yenye siri ya theluji ya Uingereza. Mgandamizo ukiwa mdogo sana Iceland na mkubwa Azores, upepo wa magharibi unavuma kwa nguvu kutoka baharini na kuleta uvuguvugu na mvua. Bembea ikigeuka, upepo huo unalegea, mlango wa mashariki unafunguliwa, na baridi ya Urusi inaingia London bila hodi.

Walker hakufaulu kuipa India utabiri wa kutegemewa, na wapo waliomdharau kwa kuhesabu bila kueleza sababu. Lakini ndiye aliyezipa bembea zile majina. Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza anayeuliza kama mwaka huu theluji itakuja, anajibiwa kwa hesabu zilizoanzishwa kwa ajili ya watu wa India waliokufa kwa kukosa mvua. Hili halitajwi sana, nami nimeona nilitaje.

MAJIRA YALIYOKUJA BILA KUTANGAZWA

Kukosea utabiri wa msimu si jambo la kuchekwa tu. Mwaka 1941 jeshi la Hitler lilipokuwa ndani ya Urusi, bingwa wa Ujerumani wa utabiri wa muda mrefu, Franz Baur, alisema majira ya baridi yatakuwa ya kawaida au ya nafuu. Hoja yake ilikuwa kwamba Ulaya ilikwishapata baridi kali miaka miwili mfululizo, na kumbukumbu hazikuonyesha tatu zikifuatana. Ya tatu ikaja, na wanajeshi wengi wakaganda wakiwa na sare za kiangazi. Haki isemwe: Hitler mwenyewe alidhani atakuwa amekwishashinda kabla ya baridi, kwa hiyo si kosa la Baur peke yake. Lakini hoja ile ya "haijawahi kutokea" ni ya kuogopwa. Ndiyo hoja ya mcheza kamari anayesema amekosa mara mbili, basi ya tatu lazima apate.

Uingereza nayo ilipata funzo lake. Tarehe 26 Desemba 1962, siku moja baada ya Krismasi, theluji nyingi ilianguka kusini mwa nchi. Watoto wakashangilia. Mwisho wa mwezi ikaja tufani iliyozika barabara na kuvitenga vijiji. Wakangoja iyeyuke. Haikuyeyuka. Wastani wa joto wa Januari 1963 katika Uingereza ya kati ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri. Bahari iliganda ufukweni mwa Kent, mito ikawa njia za kutembea, na hali ikalegea mwezi wa Machi. Kumbukumbu za vipimo vya Uingereza ya kati zinaanzia mwaka 1659, na tangu mwaka 1740 hapakuwa na majira ya baridi kama hayo.

Kwa wapenzi wa kandanda ilikuwa noma. Raundi ya tatu ya Kombe la FA, ambayo huchezwa kwa siku chache, ilichukua siku 66 kumalizika. Sasa kulikuwa na kamari ya kubahatisha matokeo ya mechi, na mamilioni ya Waingereza walikuwa wakicheza kila wiki kama vijana wetu na mikeka yao. Mechi zisipochezwa, kamari inakufa. Unajua walifanya nini? Januari 1963 waliwaweka mabingwa chumbani, akiwemo mchezaji mashuhuri Tom Finney, wakae waamue mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje kama zingechezwa. Na watu wakalipwa kwa matokeo hayo! Nikisoma hapo nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, maana nani kati yetu hajawahi kulipa kwa mechi isiyochezwa?

Baada ya dhiki ile wananchi walitaka kuambiwa mapema. Desemba 1963 Met Office ikaanza kuchapisha utabiri wa mwezi mzima. Njia yao kubwa ilikuwa kutafuta mwaka wa zamani unaofanana na huu, kisha kusema yaliyofuata wakati ule yatafuata na sasa. Haikuleta mafanikio ya kutosha, na mwaka 1980 wakaacha kuutangaza kwa wananchi.

Kwa nini ilishindikana? Sehemu ya jibu ilikuwa imekwishapatikana Marekani. Mwaka 1961 Edward Lorenz alikuwa akiendesha hali ya hewa ya kubuni ndani ya kompyuta. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza tarakimu 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi alikuta hali ya hewa tofauti kabisa. Pengo dogo kama punje ya haradali lilikuwa limezaa dunia nyingine. Kwa hiyo miaka miwili inayofanana kwa macho haifanani ndani, na kuijua hali ya hewa ya siku fulani zaidi ya kama wiki mbili mbele ni jambo ambalo hewa yenyewe inalikataa.

BAHARI MOJA

Sasa kama wiki mbili ndiyo mwisho, hawa wanaotangaza msimu wanatoa wapi? Nitoe mfano wa mjini. Huwezi kuniambia Jumatatu ijayo saa moja asubuhi ni abiria gani atakaa siti ya dirishani ya daladala la Mbagala. Lakini unaweza kuniambia bila wasiwasi kwamba litajaa. Siku moja ya hewa ni yule abiria. Msimu ni lile daladala. Na kinachoujaza msimu ni bahari, kwa sababu bahari inapoa na kupata joto polepole, wala haisahau haraka kama hewa.

Mwaka 1969 Jacob Bjerknes alieleza jinsi bembea ya Walker ya Pasifiki inavyofungamana na joto la bahari ambalo wavuvi wa Peru walikuwa wakiliita El Nino, yaani mtoto Yesu, kwa kuwa huja karibu na Krismasi. Jina hilo halihitaji maelezo kwetu. Ukitaja El Nino kwa mzazi yeyote, atakusimulia mvua za 1997 na 1998: madaraja kusombwa, reli kukatika, kipindupindu, homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu. Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto lisilo la kawaida, mambo yakazidi.

Wakati wazazi wetu wanavuka maji ya magotini, huko Marekani wataalamu walikuwa wamekwishasema kwamba majira ya baridi yatakuwa ya vuguvugu kaskazini na ya mvua nyingi California na kusini. Ikawa hivyo. Watu wa kaskazini waliokuwa na hamu ya theluji walinuna. Basi ona: mafuriko yetu na kiu yao ya theluji vilitoka kwenye bahari moja, mwaka mmoja. Ndiyo maana nikasema ni watoto wa mama mmoja. Na ndiyo maana kuanzia mwaka 1998 wataalamu wa ukanda wetu wakawa wanakutana kabla ya misimu ya mvua kulinganisha hesabu zao.

AHADI YA NYAMA CHOMA

Ungedhani baada ya hapo mambo yamenyooka. Aprili 2009 Met Office ilitangaza kwamba kuna uwezekano wa asilimia 65 kiangazi kiwe cha joto kuliko wastani, na ikaongeza maneno ya kuchangamsha: kiangazi cha nyama choma. Magazeti yakaitupa ile asilimia, yakabaki na nyama choma. Julai ikanyesha kweli kweli, watu wakakaa ndani na mkaa wao.

Kisha wakasema majira ya baridi yajayo yana uwezekano mkubwa kuwa ya wastani au ya vuguvugu. Baridi kali wakaipa nafasi ndogo. Ile nafasi ndogo ndiyo iliyotokea. Bembea ya Atlantiki iligeuka ile mbaya. Ikawa baridi kuliko zote Uingereza tangu 1978 na 1979, na picha ya setilaiti ya tarehe 7 Januari 2010 inaonyesha kisiwa kizima cheupe kama shuka la hospitali. Waliokuwa wanaiombea theluji walicheza mpaka wakachoka. Lakini halmashauri ziliishiwa chumvi ya kumwaga barabarani, na ajuza wa Kiingereza anayekaa peke yake haioni theluji kama mwanafunzi anavyoiona. Mwezi wa Machi 2010 Met Office ikatangaza kwamba haitachapisha tena utabiri wa msimu kwa wananchi kwa namna ile. Na kama mzaha, Desemba 2010 ikawa baridi kuliko Desemba zote za kumbukumbu za taifa, ambazo wakati ule zilianzia 1910. Uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa kwa theluji, abiria wakalala sakafuni.

Hesabu hazikuachwa. Mwaka 2014 wanasayansi wa idara ile ile walionyesha kwamba bembea ya Atlantiki inaweza kukisiwa kwa kiasi miezi kadhaa mbele. Februari 2018 hewa ya juu sana ya ncha ya kaskazini ilipopata joto ghafla, walijua kabla ya theluji kufika kwamba mlango wa mashariki huenda ukafunguliwa, na mwisho wa mwezi ukafunguliwa kweli. Lakini wanazungumza kwa "huenda" na kwa asilimia. Anayesema kwa uhakika mwezi wa Oktoba kwamba Krismasi itakuwa nyeupe, huyo ni wa ukoo wa sanduku jeusi.

MWELEKEO

Nimeandika haya yote kwa sababu ya sentensi moja tunayoisikia redioni kila mwaka: mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Vijiweni tunaicheka, tunasema hawa hawajui, wanajilinda. Mimi pia niliicheka. Sasa naisikia tofauti. Kumbe ndani yake wamo makarani wa Walker, yumo FitzRoy na huzuni yake, imo ile tarakimu aliyoikata Lorenz. Tena taarifa hiyo ya msimu haiitwi utabiri mara nyingi. Wenyewe wanaiita mwelekeo wa mvua. Nimelipenda neno hilo. Mwelekeo si ahadi. Ni kukuambia njia imeinamia wapi, na wewe mkulima wa Kilosa uamue upande mbegu zote shambani au ubakize debe moja ndani.

Kwetu sisi tunaotaka kuandika, shida ni ile ile. Neno la uhakika linauza kuliko neno la kweli. "Theluji ya karne inakuja" inasomwa. "Uwezekano ni mkubwa kidogo kuliko kawaida" inarukwa. Mwandishi chipukizi naye anashawishika kuandika nyama choma na kuiacha asilimia. Nadhani tuizuie mikono yetu.

Na yule mtoto aliyevaa nguo za kulalia nje ndani? Yeye mwacheni. Anajua kwamba hajaahidiwa kitu. Anaweka kijiko chini ya mto, anazima taa, na asubuhi anafunua pazia mwenyewe kutazama.